Pampu ya kutoa maji uani wakati wa masika: ipi ununue kwanza

Anayeishi Kigogo, Jangwani, Tandale au Bonde la Mpunga haambiwi masika ni nini. Kati ya Machi na Mei maji huingia uani usiku, asubuhi watu wako na ndoo na madumu. Rai yangu naitoa mapema: ukienda dukani, nunua pampu inayoweza tope. Maji ya mafuriko ya Dar si maji ya kisima. Yamebeba mchanga, majani, vifuniko vya chupa, vipande vya nguo, na nailoni ambazo bado zimejaa mitaroni ingawa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019.

Kabla ya kwenda Kariakoo, pima ua wako. Ua wa mita 10 kwa 15 wenye maji ya kina cha sentimita 30 una lita 45,000. Iandike namba yako kwenye simu, maana muuzaji atakutajia lita kwa dakika na itabidi ugawanye hapo hapo.

Namba moja kwangu ni pampu ya petroli ya maji machafu, ya inchi 2 au 3. Ya inchi 3 huandikwa lita 1,000 au zaidi kwa dakika, ingawa kipimo hicho ni cha maji yasiyopandishwa juu. Ukiyapitisha juu ya ukuta na mpira mrefu, kinapungua sana. Hata ukipata nusu yake, ua ule unakauka kwa saa moja na nusu. Namna ya kuitambua: mulika tochi ya simu kwenye tundu la kunyonyea. Impela yake, yaani gurudumu la ndani linalosukuma maji, ina mapanga machache, manene, yaliyoachana, na mfuniko wa mbele hufunguliwa kwa mkono, bila spana. Huo mfuniko ndio ninaoulipia. Taka ikikwama unazima, unafungua, unaitoa, unaendelea. Bei yake inauma, kwa hiyo nashauri nyumba tatu nne zichange, na ikae kwa yule ambaye nyumba yake haifikiwi na maji.

Ya pili ni pampu ya umeme ya kuzamisha ya maji machafu, yenye boya la kuiwasha na kuizima kufuatana na kina cha maji. Haina kelele, haihitaji kujazwa maji kabla ya kuwasha, na kwa shimo la maji au chumba kimoja inatosha kabisa. Ya wati 750 huandikwa lita 200 na kitu kwa dakika. Tatizo ni umeme: mvua kubwa ikipiga, mara nyingi ndipo unapokatika. Na usiiwashe bila kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30, wala usikanyage maji hayo ikiwa imechomekwa. Hapo sina mjadala na mtu.

Ya tatu ndiyo niliyoanza nayo mimi: pampu ya petroli ya inchi 2 ya maji safi. Ndiyo inayojaa madukani, ni nafuu, na kwa bustani haina mpinzani. Kwenye mafuriko ilifanya kazi dakika kumi. Injini ikawa inanguruma vilevile lakini mpira wa kutolea ukalala chini kama ngozi ya nyoka. Fundi alifungua skrubu moja moja, mvua inamnyeshea, akachomoa kipande cha kanga kilichojisokota kwenye impela. Akaniambia, "Dada, hii ni ya maji ya kunyweshea mchicha." Sili nayo, ile ya kuzuia maji yasivuje kwenye mhimili, ilikuwa imeshaungua kwa kuzunguka bila maji. Kama uwezo unaishia hapo, inunue, ila funga chujio kizima mwisho wa mpira wa kunyonya na ulaze chujio ndani ya ndoo iliyotobolewa matundu madogo.

Ile mota ndogo ya nusu hosi ya kupandishia maji kwenye tangi usiihesabu. Hutoa lita 35 hivi kwa dakika, kwa hiyo ua ule ungehitaji zaidi ya saa 20, na mchanga utakuwa umeshaila ndani.

Mpira wa kunyonya uwe mgumu, maana laini hujikunja na kujifunga. Uwe mfupi pia. Mashine isikae juu ya maji zaidi ya mita 7, hata kama kibandiko kinasema 8. Mashine ya petroli ikae nje, kamwe si barazani wala chumbani, kwa sababu moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukustua.

Na maji uyapeleke mtaroni, si uani kwa jirani. Kama jirani ametapisha choo au kuna dalili ya kinyesi kwenye maji, waambie watoto wakae mbali na mpira, na mikono ioshwe kwa sabuni, maana kipindupindu hakipo mbali na maji hayo.

Dukani omba waiwashe mbele yako. Mashine nyingi mpya huuzwa bila oili, kwa hiyo nunua oili hapo hapo, waijaze, wajaze na maji kwenye tumbo la pampu, halafu uvute kamba mwenyewe. Ya inchi 3 ni nzito. Nenda na mtu wa kukusaidia kuipandisha kwenye bajaji.