Uzoefu wangu: chupa ya kutoa upepo kwenye breki bila msaidizi

Ni chupa ndogo yenye bomba la mpira linaloonyesha ndani na vali ya kuzuia hewa isirudi. Nimeitumia hapa Kampala kwenye Toyota Premio na Noah, na kwa fundi aliye peke yake inafaa sana. Ila si kila breki laini (pedeli inayobonyea kirahisi) ina upepo. Pima kwanza.

Zima injini, kanyaga mara tano sita mpaka busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu) iishiwe nguvu, kisha shikilia pedeli bila kulegeza. Ikizama polepole na hakuna mahali panapovuja, raba za ndani za masta (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli) zimechoka. Utatoa upepo mpaka jioni usione nafuu. Ikibonyea kama sponji na kupanda kila unapopampu, huo ndio upepo. Ikipanda ikawa ngumu kabisa, kagua shuu za nyuma (vipande vinavyobana dramu, ile ngoma inayozunguka na gurudumu): zikikaa mbali na dramu, breki hushika pedeli ikiwa chini. Na ukiwasha injini pedeli ikashuka kidogo, usiogope, ni busta inafanya kazi.

Mdomo wa bomba uzame kwenye mafuta yaliyomo chupani. Upande wa pili uchomeke kwenye nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye gurudumu. Ifungue kwa spana namba 8 au 10, robo mzunguko tu, kisha pampu pedeli. Hapa ndipo chupa hii inapowachanganya wengi: nipo ikilegea mno, hewa hupenya kwenye meno yake, nawe unaona mapovu yasiyokwisha ukidhani yanatoka kwenye kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki). Paka grisi kidogo kuzunguka meno hayo, mapovu yatakoma. Vali nayo isiaminiwe sana. Kaza nipo kabla ya kuachia pedeli mara ya mwisho.

Weka kipande cha ubao chini ya pedeli. Masta ya zamani ikisukumwa mpaka mwisho, raba hupita penye kutu na kuchanika.

Kwa usukani wa kulia, kawaida huanzwa nyuma kushoto, lakini gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande) fuata kitabu chake. Lita moja ya DOT 4 (aina ya mafuta ya breki) inatosha kubadilisha yote, mradi kopo la mafuta lililo juu ya masta lisikauke. DOT 4 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230. Ikishanyonya unyevu inaweza kushuka hadi 155. Ndiyo maana breki hulainika kwenye miteremko ya Kabale, zikipoa zinarudi.

Bado laini? Tazama nipo za mbele. Kalipa zilizobadilishwa kulia na kushoto huweka nipo chini, upepo ukabaki juu, na hakuna chupa itakayoutoa.