Kichwa cha Godzilla Shinjuku: Kitazame Kwanza Ukiwa Barabarani

Assalaam aleikum, watazamaji wangu. Ninarekodi video hii Raskazone, hapa Tanga, na nimekaa mbele ya bahari makusudi, kwa kuwa dubwana la filamu ninalolichambua leo, Godzilla, lilibuniwa kama kiumbe wa kale aliyejificha chini ya bahari hadi alipotibuliwa na majaribio ya bomu la haidrojeni. Kichwa chake kimejengwa juu ya jengo la Toho, kampuni iliyotengeneza filamu yake, lenye hoteli ndani yake, katika mtaa wa Kabukicho, Shinjuku, jijini Tokyo, nchini Japani, na tangu Aprili 2015 watu wamekuwa wakienda kukitazama. Nimekwenda na mimi, na ninawaletea tathmini yangu.

Kufika si tabu. Unashuka katika kituo cha treni cha Shinjuku, unatokea mlango wa mashariki, kisha unatembea dakika chache. Kazi iko ndani ya kituo chenyewe, ambacho hupitisha abiria wapatao milioni tatu kwa siku. Fuateni vibao na msiufuate umati, maana umati huo una njia zake.

Ukiingia katika barabara inayoelekea kwenye jengo, unaliona dubwana likichungulia juu ya ukingo, kucha zake zikiwa zimeushika kana kwamba linataka kujivuta mbele. Kutoka sakafu ya roshani kilipojengwa kichwa hadi utosini ni mita 12, na uzito wake ni tani 80 hivi. Hata hivyo, kipimo ninachotaka mkishike ni mita 52, yaani kimo cha utosi huo kutoka ardhini, kwa sababu Godzilla wa filamu ya kwanza, iliyoongozwa na Ishiro Honda na kuanza kuonyeshwa tarehe 3 Novemba 1954, alikuwa na kimo cha mita 50. Chukueni mnazi mrefu wa hapa kwetu, muusimamishe mwingine juu yake, ndipo mtakikadiria kimo hicho. Ukiwa chini barabarani, hoteli nzima inakuwa kiwiliwili cha mnyama, na akili yako inamalizia miguu iliyokanyaga lami uliyosimama wewe. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, mtu mzima mimi.

Nilipofika, roshani ya ghorofa ya nane ilikuwa ya wageni wa hoteli na wateja wa mgahawa wake, basi nikaagiza chai ili nikione kichwa kwa karibu. (Wajapani huhesabu ghorofa kuanzia ile ya chini, kwa hiyo sisi tungeiita ya saba.) Mafundi wamefanya kazi ya kusifiwa: ngozi ya kijivu kilichokoza ina mabonde na matuta kama gome la mwembe mkongwe. Lakini kicho kinapungua, kwa sababu unaona shingo ikiishia pale pale sakafuni. Anayeanzia juu hujinyima kitu asichoweza kukipata tena akishuka.

Kila saa, kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku, dubwana hunguruma, macho yakawaka na moshi ukatoka. Ngurumo ya asili ilitengenezwa na mtunzi wa muziki Akira Ifukube kwa glavu ya ngozi iliyosuguliwa kwenye nyuzi za fidla kubwa ya besi, ndugu mkubwa wa fidla tunazozijua katika taarabu. Ukilijua hilo, utasikia ndani ya ngurumo ile kilio cha uzi unaoburutwa.

Na kilio hicho kina wenyewe. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa jodari waliokuwa katika chombo kiitwacho Daigo Fukuryu Maru. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, opereta wa redio, alifariki mwezi Septemba mwaka huohuo, na mwezi Novemba filamu ikatoka. Mimi nimekulia katika nyumba ya wavuvi, ninajua maana ya familia kusubiri chombo ufukweni, na kwa hiyo sikuweza kukitazama kichwa kile kama pambo tu la hoteli. Sisi watu wa Tanga, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wetu wamenasa silikanti nyavuni, samaki aliyedhaniwa kuwa alitoweka pamoja na madinasauri, hatuna sababu ya kushangaa kwamba bahari imeficha viumbe wa kale.

Chombo chenyewe kipo, kimehifadhiwa Yumenoshima, hukohuko Tokyo. Ukiwa na siku moja tu, nenda kukiona asubuhi, kisha ufike Shinjuku jioni, taa zinapoanza kuwaka.

Sasa ninawawekea ngurumo ya mwisho ya siku ile, ya saa mbili usiku, wakati hapa Tanga ilikuwa saa nane mchana. Sikuweka muziki wowote juu yake. Ongezeni sauti.