Siagi ya kokwa za embe: imenifaa, ila lebo zake zirekebishwe

Kaskazi hii yote nimekuwa nikijipaka siagi ya kokwa za embe, ile inayotokana na mabaki ya watengenezaji wa juisi. Magaga ya visigino yamelainika, na viwiko havipauki tena hata nikioga maji ya kisima yenye chumvi, tunayoyajua sote tunaoishi Mombasa. Kwa ngozi kavu naipendekeza bila wasiwasi.

Mwenye kukamua juisi anataka nyama ya embe tu. Maganda na kokwa, ambavyo ni kama theluthi ya uzito wa tunda, huishia jaani. Aliyepita soko la Kongowea msimu wa maembe anaijua harufu yake. Lakini ukiipasua kokwa ndani mna kiini, na kiini hicho kikikaushwa na kukamuliwa hutoa mafuta mazito meupe. Si mengi, takriban sehemu moja kwa kumi ya uzito wa kiini kikavu. Yanafanana sana na siagi ya kakao, hata Umoja wa Ulaya mwaka 2000 uliyaweka kati ya mafuta sita ya mimea yanayoruhusiwa kutiwa kwenye chokoleti. Inaniuma kuona mali kama hiyo ikiozea kando ya barabara zetu.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi inavyohimili joto. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hivyo hapa kwetu huwa maji karibu mwaka mzima, isipokuwa asubuhi za kusi yanapoganda kidogo. Siagi hii hungoja hadi joto likaribie lile la mwili. Kopo langu hukaa dirishani na halimwagiki, lakini nikichota kidogo inayeyuka kiganjani papo hapo. Sababu ni asidi ya steariki, ambayo hufika karibu asilimia 40 ya mafuta hayo. Sehemu nyingine kubwa ni asidi ya oleiki, iliyojaa pia kwenye mafuta ya zeituni. Ngozi huinywa vizuri. Navuka feri ya Likoni mchana wa jua kali na buibui langu halishiki doa.

Sasa lebo. Imeandikwa kwamba ina vitamini C nyingi, na hilo si kweli: vitamini C huyeyuka kwenye maji, haiwezi kuingia kwenye mafuta matupu. Imeandikwa pia kwamba inang'arisha ngozi. Rangi yangu haikubadilika, na sikuwa nataka ibadilike. Halafu mjue kuwa siagi safi hainukii embe. Kopo nililonunua kwa muuzaji mwingine lilinukia embe bivu, yaani lilitiwa manukato, na shingo iliniwasha nikaliacha.

Muuzaji wangu anauza pia sukari ya kusugulia mwili iliyochanganywa na mafuta ya maganda ya ndimu. Hiyo sikuinunua. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda la ndimu yana kemikali ziitwazo furanokumarini, na zikipigwa na jua zikiwa juu ya ngozi huiunguza na kuacha weusi wa wiki kadhaa. Nilipomweleza akaniambia, "Dadangu, kitu cha asili hakidhuru." Kinadhuru. Utomvu wa embe wenyewe huunguza midomo ya watoto kila msimu, kwa kuwa mwembe ni ukoo mmoja na mkorosho. Nawe ukiwa huwashwa na maganda ya embe, paka kidogo kwenye mkono kwa ndani, usubiri siku mbili kabla ya kujipaka mwili mzima.

Jambo la kuuliza kabla ya kulipa ni kiini kilikaushwaje na kikakamuliwa lini. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Kiini kikicheleweshwa huota ukungu na mafuta yake huchacha upesi. Kopo zuri halina harufu kali, ukinusa ni kama karanga kwa mbali.

Bei ni shilingi 600 kwa gramu 100, ghali ukilinganisha na mafuta ya nazi. Usoni situmii, ni nzito mno kwa jasho letu. Miguuni, mikononi na kwenye midomo nitaendelea nayo, na muuzaji nimeshamwomba aandike tarehe ya kukamua kwenye kopo.