Fizio ya bega hapa Mombasa: uzoefu wangu, na ya kujua kabla hujaanza

Basi jamani, mimi bega la kulia lilikua limeganda kabisa, ukinipa mbuzi nikune nazi mkono unafika njiani unakataa, na kufunga sidiria ndo usiseme. X-ray haikuonyesha kitu, daktari akasema ni ile frozeni sholda, na sisi wenye sukari inatupata zaidi kuliko wengine. Akaniandikia barua niende fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi), nikachagua kliniki moja huko Tudor.

Ukienda ukidhani ni kuchuliwa mafuta ulale usingizi utarudi umenuna. Siku ya kwanza karibu yote ni maswali na kupimwa, unalalia upande gani, kazi zako za nyumbani ni zipi, maumivu yanakuamsha usiku au la, dawa gani unameza (beba pakiti zake, usitegemee kichwa). Halafu dada wa fizio akatoa kitu kama rula mbili za plastiki zimeshikana kwa kati, akakiweka begani, akaniambia haya mama nyanyua, akasoma digrii akaandika. Kunyanyua mbele kulikua na afadhali, lkn kuuzungusha mkono kwa nje ndo haukwenda popote, akasema bega la kuganda huanza kukataa hapo. Hizo namba mwambie akuandikie na wewe uende nazo nyumbani, manake maumivu yana hila, leo nafuu kesho unalia, lkn digrii zikipanda unajua pesa yako inafanya kazi.

Wanawake wenzangu, ndani ya buibui vaa kitu kisicho na mikono, bega lazima lionekane, na upige simu mapema uulize kama kuna fizio wa kike. Mimi nlipata, na pazia likavutwa, dada mpole wa maneno lkn mikono yake wallahi chuma.

Sasa mashine. Ile ya umeme wa kuwasha-washa na lile taulo la moto ni tamu, zinatuliza, lkn hazifungui bega, ni za kukulegeza tu ufanye mazoezi. Ukiona mahali unaunganishwa waya, mtu anakaa na simu yake, muda ukiisha unalipa unaenda, hama. Na kama una sukari na ngozi imepungua kuhisi sema kabla ya kuwekewa joto, unaweza kuungua na usijue. Mwenye kifaa cha moyo kifuani au mwenye mimba pia aseme kabla hajaguswa na umeme.

Kazi yenyewe iko nyumbani. Unainama kidogo umeshika meza mkono mbovu unauachia uning'inie unauzungusha polepole, kisha unatambaza vidole ukutani kama buibui anapanda (yule mdudu, si vazi), mie nlikua naweka alama ya penseli pale nilipofika, ukuta wa jikoni umejaa michirizi na mume wangu keshachoka kuuliza. Ile ya kuvuta mkono nyuma ya mgongo wao hutumia taulo, mimi natumia leso, mkono mzima unavuta juu ule mgonjwa unafuata. Itauma. Uchungu wa kuvutika unaotulia baadaye ni sawa, lkn ukiamka kesho yake bado unawaka, ulizidisha, punguza. Ganzi ya vidole au uchungu wa kuchoma kama kisu usivumilie, mwambie.

Pesa uliza mwanzo, ni kwa kila kikao ama kuna mashine inalipiwa kando, na kama una bima ulizia barua na idhini kabla hujapanda kitanda. Fizio wa Kenya husajiliwa na baraza lao lililoundwa kwa sheria ya 2014, kwaivo kuomba kuona leseni si utovu wa adabu. Na jua ni safari ya miezi, bega hili kwa wengine hupita hata mwaka, anayekuahidi wiki mbili anataka hela yako.

Mimi sasa nafika kabati la juu, nazi nakuna, nywele kusuka mwenyewe bado. Nawapa nyota nne, ya tano nimewanyima kwa sababu ya foleni, unapewa saa tatu unaingia saa nne na nusu, na mtu umetoka Likoni umesukumwa kwenye feri na bega lako hilo. Ningepata fizio wa kike mzuri upande wetu huku ningehama kesho.