Jiko nililolipia kabla halijatengenezwa

Nakaanga sato na sangara Kirumba, hapa Mwanza, kwa hiyo jiko kwangu ndiyo ajira. Fundi mmoja wa majiko ya mkaa, wa Nyakato, hatengenezi mpaka apate oda ishirini. Ndipo ananunua bati na udongo kwa pamoja. Nilitanguliza elfu ishirini kati ya arobaini, nikaandikiwa risiti namba 14.

Aliahidi wiki mbili, zikawa tano. Hilo liliniudhi sana, maana oda zilikuwa hazijatimia na hakuniambia mpaka nilipompigia mwenyewe. Hela ya mtu ikishakaa kwako, mpe taarifa jamani!

Lakini jiko lenyewe, wallahi, kazi ipo. Nililigonga udongo kwa kifundo cha kidole kabla sijamalizia hela: ukalia kama chungu kizima, hauna ufa. Kimlango cha majivu kinafunga sawasawa, na sufuria yangu kubwa haiyumbi kwa sababu alinipima kipenyo chake siku ya oda. La dukani lisingenikaa hivyo. Kopo la mkaa lililokuwa likiisha saa sita sasa linanifikisha alasiri.

Ukienda, muulize oda zimefika ngapi, na akuandikie kwenye risiti tarehe ya kurudishiwa hela yako oda zisipotimia.