Unga wa kugeuza maua kuwa bluu: nimeutumia misimu miwili

Huu unga wa alumini salfeti, ule unaokoroga na maji unamwagilia pale chini ya shina, kwa haidrenjia unafanya kazi kweli ila kwa maua mengine ni hela imepotea, na imeniuma sana kuona pakiti imechorwa waridi la bluu.

Haidrenjia yangu ilikuwa pinki. Msimu wa kwanza sikuona kitu nikataka niutupe, msimu wa pili aisee, shada moja limetoka na viua vya bluu na vya pinki vimebanana pamoja, vingine zambarau, nilikaa nalitazama tu. Kumbe rangi yenyewe haijabadilishwa, ni ileile delfinidini ambayo ni aina ya antosayanini, yaani rangi asilia za mimea za wekundu, zambarau na bluu, ila ikishikana na alumini ndo inaonekana bluu. Na alumini mmea hauwezi kuivuta mpaka udongo uwe na asidi, pH chini ya 5.5 hivi, kwa hiyo huu unga unaleta alumini na asidi kwa pamoja, hapo nawapa sifa zao. Ila kama umepanda karibu na ukuta wa simenti chokaa inashuka kwenye udongo inaua asidi inakurudisha kwenye pinki, na mbolea yenye fosforasi nyingi nayo inaikamata alumini yote mmea haupati kitu.

Sasa haidrenjia nyeupe niliyoimwagilia sawasawa na mwenzake imebaki nyeupe peeee, haina antosayanini sasa alumini ishikane na nini? Marigodi za njano ni karotenoidi, rangi kama ile ya karoti, hazina habari na huo unga. Bogenvilia ndo kabisa, ile ni betalaini, ukoo mwingine wa rangi ambao haukai mmea mmoja na antosayanini. Na waridi halina delfinidini jamani, hata lile la kampuni ya Suntory lililoanza kuuzwa Japani 2009 ilibidi waliingizie jeni ya ua lingine na bado liko kwenye zambarau zaidi kuliko bluu, sasa wewe na pakiti yako utafikia wapi?

Nyota 4 kwa haidrenjia ya pinki, kwa mengine sifuri. Pima pH kwanza, na usizidishe kipimo ukidhani itawahi, unaunguza mizizi.