Wala-Mwani kwa Tangi Dogo Lenye Mimea: Wa Kununua Kwanza na wa Kuacha Dukani

Tangi la samaki ninalozungumzia ni la lita 40 hadi 60, lenye mimea hai na taa inayowaka kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku. Katika ujazo huo kila mnyama anayeongezwa huleta pia kinyesi, na kinyesi ni mbolea ya mwani uleule tunaotaka kuuondoa, kwa hiyo mla-mwani mkubwa mno huzidisha tatizo badala ya kulipunguza. Kabla ya kwenda dukani, chunguza aina ya mwani ulio nao. Vumbi la kahawia la tangi jipya, nyuzi za kijani zinazojisokota kwenye majani, na madoa magumu yaliyong'ang'ania kioo, kila kimoja kina mlaji wake. Utelezi wa kijani-bluu unaotoa harufu mbaya ni bakteria, si mwani, na hakuna mnyama kati ya hawa atakayekumalizia.

Nafasi ya kwanza nampa kamba wa Amano bila kusita. Jina lake linatokana na Takashi Amano, mpiga picha na mpambaji wa matangi wa Japani aliyefariki mwaka 2015, ambaye ndiye aliyemtambulisha kwa wafugaji kama mla-mwani. Mwili wake unapitisha mwanga na ubavuni ana safu ya nukta nyekundu-kahawia; kwa jike aliyekomaa, nukta za chini hurefuka na kuwa vistari. Ukimtazama kwa karibu utaona miguu yake ya mbele ikichuma nyuzi moja baada ya nyingine na kuzipeleka mdomoni bila kupumzika. Hufikia sentimita 5, na kwa kuwa mabuu wake huhitaji maji ya chumvi ili wakue, hawezi kukujazia tangi kwa watoto. Watano wanatosha lita 40. Punguza chakula cha samaki, maana kamba aliyeshiba haangalii mwani, na funika tangi vizuri kwa sababu hupanda mabomba na kutoka nje.

Wa pili ni konokono wa nerita, ambaye kwa madoa magumu ya kioo simjui anayemfikia. Haharibu mimea. Kasoro yake ni mayai meupe, mfano wa punje za ufuta, anayoyabandika kwenye mawe na magogo. Hayaanguliwi katika maji yasiyo na chumvi, lakini kuyakwangua ni kazi. Dukani chagua aliyeshika kioo, mwenye gamba lisilo na mashimo, na nyumbani mlaze mdomo ukiangalia chini, kwani akipinduka huenda asiweze kujigeuza. Maji laini mno, yaani yenye madini machache, humla gamba.

Hapa nina ombi kwa wasomaji wa Afrika Mashariki: tafadhali usiokote konokono mtoni au ziwani ili kuokoa fedha. Konokono wa jamii za Biomphalaria na Bulinus, wanaoishi katika maji yetu, ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na wewe utakuwa unatia mikono katika maji hayo kila wiki. Vilevile mkatae konokono mkubwa wa tufaha. Mmoja wa jamii yake aligunduliwa mwaka 2020 katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, na hula mimea yenyewe.

Kamba wekundu wadogo ni wa tatu. Husafisha utando laini tu, lakini huzaana ndani ya tangi, hivyo kumi wa leo wanaweza kuwa kundi kubwa baada ya miezi michache, mradi huna samaki wa kuwameza watoto.

Oto, kambare mdogo wa Amerika Kusini, ni fundi wa vumbi la kahawia, na ningempandisha daraja kama si udhaifu wake. Wengi huvuliwa porini na hufika dukani wakiwa wamekaa na njaa siku nyingi. Niliwahi kununua sita siku ileile waliyoingia dukani, matumbo yakiwa yamebonyea, na wiki haikuisha nikabaki na wawili. Siku hizi nasubiri wiki mbili, kisha nachagua wenye tumbo la mviringo. Waweke katika tangi lililokomaa kwa miezi kadhaa, watano au zaidi pamoja, na wape kipande cha tango mwani unapopungua.

Waache dukani mla-mwani wa Kichina, ambaye huuzwa akiwa na sentimita 5 lakini hupita 25 na hujibandika ubavuni mwa samaki wenzake, na pleko wa kawaida, kambare anayezidi sentimita 30. Mla-mwani wa Siam kweli hula mwani wa vishungi vyeusi, ila kwa sentimita 15 anastahili tangi kubwa. Hata samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa, wakwanguaji hodari wa mawe, ni wagomvi mno kwa nafasi hii.

Ukishanunua kamba, dondoshea maji ya tangi ndani ya chombo chao kwa mpira mwembamba, tone kwa tone, kwa saa 1 au zaidi, na usitie kamwe tangini dawa yenye shaba, kwani huwaua.